Tukinunua Mashine ya Kupumulia, Tununue na Sabuni



Mgonjwa mahututi akikosa huduma Sumbawanga, hupitishwa Laela na Tunduma hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, zaidi ya kilomita 300. Ndiyo maana kila tukikutana tunataja mashine ya kupumulia. Naunga mkono. Ila mimi ni mhasibu, na lazima niulize: tukishanunua, uendeshaji analipia nani?

Mashine hii husukuma hewa kwa mpira unaopitishwa mdomoni hadi kwenye njia ya hewa. Mpira huo humfanya mgonjwa ashindwe kukohoa vizuri. Mate yenye vijidudu hukusanyika, kisha hupenya kidogo kidogo hadi mapafuni. Nimonia ikijitokeza saa 48 au zaidi baada ya mpira kuwekwa, madaktari huihesabu kuwa nimonia ya mashine. Mtu aliyeletwa kwa ajali ya bodaboda sasa anapambana na ugonjwa wa pili. Siku za kulazwa zinaongezeka, dawa kali zinahitajika, bili inapanda. Wengine hupoteza maisha.

Kinga yake inajulikana. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Muuguzi anawe mikono kabla na baada ya kumgusa mgonjwa. Kinywa kisafishwe kwa mswaki kila siku. Makohozi yanyonywe kwa mipira safi. Daktari apime kila siku kama dawa ya usingizi inaweza kupunguzwa na mgonjwa apumue mwenyewe, maana kadiri anavyokaa kwenye mashine ndivyo hatari inavyoongezeka.

Sabuni, glovu, miswaki na mipira havikatiwi utepe wala kupigiwa picha. Vinaisha, vinanunuliwa tena. Na bila wauguzi wa kutosha waliofunzwa, vitabaki stoo.

Kwa hiyo natoa hoja. Kila tunapochangia kifaa cha wagonjwa mahututi, tutenge pia fungu la vifaa tiba vya mwaka mzima na mafunzo ya wauguzi. Tulipange pamoja na uongozi wa hospitali yetu ya mkoa, na hesabu zake zisomwe hapa kila mwaka. Tusinunue ng'ombe bila kufikiria malisho.

Fomu za ahadi ziko mezani. Andika kiasi cha kifaa, na chini yake kiasi cha uendeshaji.