Kutoka Mlangoni Hadi Kitini: Kituo cha Reli na Mwendo wa Abiria



Ujenzi wa reli ulianza hapa Mombasa mwaka 1896, na kwa miaka mingi aliyetaka treni alikwenda mjini. Stesheni ya zamani iko mwisho wa barabara ya Haile Selassie. Abiria aliyetoka Nairobi alishuka, akabeba kikapu chake, akatembea hadi Mwembe Tayari kutafuta matatu.

Mwaka 2017 Madaraka Express ilianza, na kituo kikawa Miritini, nje ya kisiwa. Safari ya Nairobi iliyokuwa ikimaliza usiku mzima, na pengine asubuhi pia, sasa huchukua takriban saa tano. Hiyo ni faida kubwa. Lakini saa hizo tano ni za kutoka kituo hadi kituo, na abiria huhesabu tangu alipofunga mlango wa nyumba yake.

Chukua mama anayetoka Likoni na mtoto mgongoni na mabegi mawili. Atavuka feri, apande matatu, pengine abadilishe nyingine, kisha afike Miritini mapema kwa sababu ya ukaguzi. Mabegi yatapangwa chini yanuswe na mbwa, yapite kwenye mashine, naye ayainue tena kila mara. Usalama ni lazima. Swali ni hatua ngapi ziko kati ya kituo kimoja cha ukaguzi na kingine, kama pana kivuli, kama pana pa kukaa, na kama mzee asiyeweza ngazi ana njia nyingine. Mchoraji wa ramani huona mita hamsini. Mwenye mabegi mawili huona safari.

Kwa anayetumia kiti cha magurudumu, jambo kubwa ni sakafu. Jukwaa likilingana na mlango wa behewa, anaingia mwenyewe. Likiwa chini, anabebwa kama mzigo. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa haki ya kufikia mahali pote na usafiri wa umma, kwa hivyo njia ya mteremko si hisani ya mtu yeyote.

Kituo kuwa mbali na mji si lazima kiwe tabu. Cha Nairobi nacho kiko mbali, karibu na Syokimau, lakini kuna treni ndogo kutoka stesheni ya katikati ya mji, na ratiba yake imepangwa kufuata ile ya Madaraka Express. Kwetu, reli ya zamani inaunganisha kisiwa na Miritini, na Serikali ya Kitaifa imekuwa na mradi wa kuifufua kwa abiria. Faida yake itategemea mambo madogo: umbali wa kutembea kati ya treni mbili, na kama ya pili itamsubiri abiria aliyechelewa.

Wakazi wengi huuliza kaunti inahusika vipi. Katiba, katika Jedwali la Nne, imeiachia Serikali ya Kitaifa reli. Kaunti imepewa barabara za kaunti, taa za barabarani, maegesho na usafiri wa umma wa barabarani. Yaani behewa si la kaunti, lakini barabara za mtaani na giza lililoko huko ni lake. Treni ya usiku hufika kabla ya mapambazuko, na abiria anayeshuka saa hiyo anahitaji taa, njia ya miguu isiyo na mtaro wazi, na steji inayojulikana, asije akavutwa mkono na madereva watano kila mmoja akitaja nauli yake.

Bajeti inapoletwa kwa wananchi watoe maoni, mambo haya huandikwa kwa jina la mahali: barabara gani haina taa, mtaro upi uko wazi, matatu zinasimama wapi. Aliyepita hapo na begi usiku ndiye anayepajua.