Durubini ya Kale na Kazi ya Mhunzi



Wako wadhanio ya kuwa durubini ya kale ikiisha kubonyea haina dawa ila kupelekwa Ulaya. Mimi nasema sivyo. Mwili wake ni shaba nyeupe, nayo mikono yenu yajua nyundo na mivukuto. Ila msiifanyie kama jembe.

Kwanza toeni vioo. Tangu John Dollond wa London alipopata hati yake mwaka 1758, kioo cha mbele mara nyingi ni vioo viwili vilivyopakana, navyo vikigeuzwa nyuma mbele nyota huwa ukungu. Tieni alama ubavuni. Wala msivisugue kwa mchanga na majivu kama sufuria! Mkwaruzo wa kioo hakuna nyundo iwezayo kuuondoa.

Ndipo bomba. Chuma hufuliwa kikiwa chekundu kama kaa. Shaba hii ikipigwa katika moto huo yaweza kupasuka, na mkizidisha mivukuto itayeyuka. Fanyeni kazi penye kivuli, ipate wekundu wa mbali tu, iacheni ipoe, kisha nyosheni bonyeo kwa nyundo ya mti juu ya kipande cha mpingo kilichochongwa kuenea tundu lake. Ikiwa ngumu tena, irudisheni motoni. Palipoungwa kwa lehemu ya bati na risasi, fungueni kwanza, maana huachia upesi.

Ile rangi ya uzee iacheni. Mwenye mali akitaka ing'ae, mwulizeni mara mbili.