Kamba yenye mafundo matatu



Mwaka 1223 Papa Honorius III aliikubali Kanuni ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi: kuishika Injili katika utii, bila mali, na katika usafi wa moyo. Kwa hiyo kamba tunayojifunga ina mafundo matatu.

Hapa Lubero twaujua uzito wake. Kwetu mtu huheshimiwa kwa shamba lake na kwa watoto wake. Kijana akiviacha vyote viwili, wazazi hulia, wakiona jina la nyumba yao linazimika. Tusiwalaumu, hata baba yake Fransisko, mwuza nguo, alimshtaki mwanawe mbele ya askofu.

Lakini nadhiri si kuwakimbia jamaa. Asiye na shamba hana mpaka wa kugombania. Asiyezaa aweza kuwa mzazi wa yatima na wa wakimbizi waliomo kati yetu. Anayetii huenda anakotumwa.

Enyi wazazi, mmepanda mbegu, hamkuitupa. Nasi tuombeeni, tusije tukaahidi umaskini kwa mdomo, kisha tukashiba peke yetu huku jirani akilala njaa.

Amani na mema.