Mteremko wa Paa Ujulikane Kabla ya Kununua Bati

(Hotuba ya fundi sanifu wa majengo wa Halmashauri kwa wakazi wa kata)



Wengi wetu hujenga kidogo kidogo: mwaka huu msingi, mwaka ujao kuta, na inapofika zamu ya paa, mfuko umekwisha kupwaya. Hapo ndipo mwenye nyumba hushauriwa kulilaza paa ili apunguze bati. Nimekuja kuwaonyesha kwa hesabu kwamba akiba hiyo ni ndogo kuliko inavyodhaniwa.

Mteremko wa paa ni uwiano wa vipimo viwili. Cha kwanza ni kimo, yaani urefu wa wima kutoka usawa wa juu ya ukuta hadi kileleni. Cha pili ni mlalo, yaani umbali kutoka ukutani hadi chini ya kilele. Kwa paa lenye pande mbili zilizo sawa, mlalo ni nusu ya upana wa nyumba. Gawanya kimo kwa mlalo, utapata mteremko.

Tuchukue nyumba yenye upana wa mita 8. Mlalo wake ni mita 4. Kimo kikiwa mita 1.6, mteremko ni 1.6 ÷ 4 = 0.4. Maana yake, katika kila mita 1 ya mlalo, paa hupanda sentimita 40. Pembe yake ni karibu nyuzi 22.

Urefu wa upande wa paa hupatikana kwa kanuni ya Pythagoras: zidisha mlalo kwa mlalo, na kimo kwa kimo, jumlisha, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa nyumba yetu, 16 + 2.56 = 18.56, na kipeuo chake ni karibu mita 4.31. Juu ya urefu huo ongezeni sehemu inayotokeza nje ya ukuta na ile ambayo bati hulalia bati jingine.

Sasa tushushe kimo hadi mita 0.4. Urefu huwa karibu mita 4.02. Mmeokoa sentimita 29 kila upande, takriban asilimia 7 ya bati, pamoja na mbao kidogo. Lakini maji sasa huteremka polepole, na upepo huyasukuma yarudi juu kupitia maungio na matundu ya misumari. Dari huoza, na mbao hufuata.

Kimo kikipandishwa hadi mita 4, urefu hufika mita 5.66, hapo gharama huongezeka kwelikweli. Mteremko mkali wa namna hiyo hufaa makuti na nyasi, ambazo lazima zimwage maji kabla hayajapenya.

Kwa mabati, kila aina ina mteremko wake wa chini uliowekwa na mtengenezaji. Ulizeni dukani kabla ya kulipa.

Kazi ya fundi nayo hukaguliwa kwa urahisi. Chukua pima maji yenye urefu wa mita 1, gusisha ncha moja chini ya mbao ya kenchi iliyoinama, usawazishe, kisha pima wima kutoka ncha ya pili hadi kwenye mbao. Ukipata sentimita 40, mteremko ni 0.4.

Ndugu wananchi, uandikeni mteremko katika makubaliano na fundi, na mpime kenchi ya kwanza kabla bati halijapigiliwa.