Kabla ya Kuchimba Kisima, Muulizeni Anayejua Mawe

Leo tuongee habari ya visima.

Idara ya jiolojia ya Chuo Kikuu cha Nairobi ilisomesha wataalamu wengi wa miamba. Baadhi yao ndio wanaopima maji ya chini ya ardhi. Sisi twawahitaji kwa nini?

Huku Malindi na Kilifi, karibu na ufuo, tumekalia mawe ya matumbawe yenye matundu. Maji matamu yaelea juu ya maji ya bahari. Yakiwa mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini huenda kama mita 40. Mkiyavuta kwa pupa na pampu, chumvi yapanda. Na ikishapanda, kuiondoa ni kazi ya miaka.

Sheria ya Kenya ya mwaka 1993 yataka mwanajiolojia awe amesajiliwa. Basi kabla ya kutoa pesa ya kikundi:

1. Ombeni kuona cheti chake.
2. Muulizeni: tusipite kina gani? Tuvute maji kiasi gani kwa siku?
3. Pateni kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Pesa ya kikundi ni jasho. Isiishie kwenye shimo la chumvi.