Injini Ikichemka Njiani

Ndugu wanachama, sisi madereva wa barabara ya Kitengela na Kajiado twaijua hatari hii. Mshale wa joto ukipanda, tusimame kando, tuzime injini, tungoje nusu saa au zaidi.

Nchi yetu hii iko juu ya bahari mita 1,500 na zaidi. Maji ya sufuriani huchemka kwa nyuzi 95 hivi. Ya rejeta yamefungiwa, hupita hapo. Kifuniko kikifunguliwa huruka usoni mara moja. Basi kipoe kwanza, tukifunike kwa kitambaa kizito, tukilegeze polepole. Wala tusitie maji baridi katika injini ya moto: chuma hupasuka.

Mwenye gari akituhimiza, tumjibu kwa sauti moja: rejeta huuzwa dukani, macho hayauzwi.