Tunalipa Nauli ya Maji

Maneno ya timu ya karakana ya Keko kwenye chakula cha jioni cha harambee, Dar es Salaam



Tumepewa dakika chache kabla ya harambee kuanza. Tuko watano katika karakana yetu ndogo ya Keko: fundi mkuu, aliyefundishwa kushika randa na baba yake huko nyumbani, binti anayechora kazi kwenye kompyuta na kuiongoza mashine, vijana wawili wa kuunga, kupiga msasa na kupaka vanishi, na mhasibu, ndiye huyu aliyesimama mbele yenu. Wenzetu wamesema wao wanaongea kwa mikono, kwa hiyo maneno yaachiwe mtu wa kalamu.

Wengi wenu mmepita karakana mkaiona mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kufuata kompyuta. Binti anachora mlango wa kabati, anapanga vipande ili mabaki yawe machache, kisha biti inazunguka na kukata kama mchoro ulivyo. Ukiagiza milango 40, wa kwanza na wa mwisho inalingana. Ndiyo maana baadhi ya wanachama wamependekeza fedha za mwaka huu zinunue mashine kama hiyo kwa ajili ya vijana wa Mafinga. Tunashukuru kwa imani hiyo. Lakini jioni hii tumekuja kuwaomba msiinunue kwanza.

Tutawaambia kwa nini, na aibu ni yetu wenyewe. Mwaka juzi tulipata oda ya kabati za shule. Mbao zilikuwa zimefika kutoka nyumbani, bado mbichi. Fundi mkuu alizishika akasema, "Hizi zinalia bado." Sisi wengine, mhasibu akiwa wa kwanza, tukamwambia tarehe ya kukabidhi imekaribia. Mashine ikakata, vipimo vikawa sahihi kabisa, mteja akafurahi. Baada ya miezi mitatu tukaitwa. Kati ya milango 40, 17 ilikuwa imejikunja au imeachia kwenye viungio. Tuliitengeneza upya kwa fedha zetu, na faida ya miezi minne ikaishia hapo. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Sisi tumejifunza kwamba mbao mbichi hujikunja yenyewe.

Mashine haikukosea. Ilikata ilichoambiwa. Lakini haiwezi kujua kwamba mbao iliyo mezani itasinyaa kesho. Hilo linajulikana kwa mkono wa fundi na kwa kipima unyevu, kifaa kidogo kinachoshikwa kiganjani. Mbao ya samani inatakiwa ibaki na unyevu wa asilimia 12 hivi. Mbao ya msindano iliyotoka kupasuliwa inaweza kubeba maji mengi kiasi kwamba uzito wake unakaribia mara mbili ya ule itakaokuwa nao ikikauka.

Baada ya hasara ile mhasibu alikaa na risiti za usafiri, akaona jambo ambalo tulikuwa tunalitia sahihi kila mwezi bila kuliona. Kutoka Mafinga hadi hapa ni zaidi ya kilomita 500. Kwenye kila lori tunalolipia, sehemu kubwa ya mzigo ni maji. Tunalipa nauli ya maji! Mbao zikifika, tunalipa tena kodi ya eneo la kuzianika, na zile zinazopasuka tunazigeuza kuni.

Na anayeumia zaidi si sisi. Wilaya yetu ina Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya kupandwa ya Serikali nchini, na wazazi wetu wengi wana vishamba vyao vya misindano na mikaratusi. Mzazi anausubiri mti kwa miaka inayokaribia 20, kisha anauza kwa bei ya mbao mbichi kwa sababu hana pa kuikaushia. Thamani inayoongezeka baadaye inabaki huku mjini.

Kwa hiyo tunaomba harambee hii ijenge banda la kukaushia mbao nyumbani. Si jengo la kifahari: bati juu, pande zilizo wazi upepo upite, sakafu iliyoinuliwa, vijiti vya kutenganisha mbao, uzito wa kuzikandamiza zisijikunje, rangi ya kuziba ncha zisipasuke, na vipima unyevu viwili. Kitakachobaki kinunue randa, patasi, misumeno na meza za kazi kwa vijana wa kwanza watakaojifunza. Fundi mkuu amekubali kwenda kuwafundisha, na binti atawafundisha kuchora. Wakishaijua mbao, mashine itawafuata, nasi tutakuwa wa kwanza kuichangia.

Kwa kuwa sisi ni wanachama na pia ni wanunuzi wa mbao, tuseme wazi: hata shilingi moja ya harambee isipite katika karakana yetu. Hesabu zishikwe na mweka hazina wa chama, zikaguliwe na mtu asiye mmoja wetu, na zichapishwe katika kijitabu cha mwakani. Sisi tunaahidi kununua mbao kavu za banda hilo kwa bei ya juu kuliko mbichi, na bei hiyo ibandikwe mlangoni kila mzazi aisome.

Wazee wetu walipanda miti wakijua huenda kivuli chake wasikikalie. Sisi tunaombwa bati na vijiti tu. Tusishindwe.